Bwana Kinubi, Bwana Zabibu na Ukumbi wa Ruwi

Kitabu chenyewe sikukinunua. Nilinunua pasi ya mvuke, ya mkono wa pili, kwa muuzaji mmoja wa Ruwi, hapa Maskati, mwenye duka lenye upana wa mlango. Nilipomshusha bei mpaka akaanza kumtaja mama yake, nikamwambia sasa nipe nyongeza. Akanitazama kama mtu aliyeibiwa halafu mwizi anamwomba nauli. Nikasubiri. Mwisho akainama, akachomoa kitabu kilichokuwa kimekandamizwa chini ya mguu wa meza, akakipangusa vumbi, akanipa. Meza ikaanza kuyumba.

"Yalla, nenda," akasema. "Nenda na usirudi."

Nilihesabu kurasa palepale. Zilikuwa zimepungua nne, lakini pasi ilikuwa inatoa mvuke vizuri, kwa hiyo nikamsamehe.

Kilikuwa kitabu cha Kiingereza, cha watoto wa shule, chenye michoro: hadithi za miungu ya Wagiriki wa kale. Kiingereza changu ni cha dukani. Najua rangi, vipimo na malalamiko. Mimi ni mkataji wa vitambaa katika duka la ushonaji Khuwair ya Kusini, na kwa kazi ile maneno ya kila siku hayazidi mia mbili. Lakini kutoka kituo cha basi cha Ruwi mpaka kwangu kuna muda, na simu ikiisha chaji mtu anasoma chochote. Nilisoma. Nisipoelewa nilitazama mchoro, na mchoro nao nisipouelewa nilirudia sentensi.

Majina ya Wagiriki yalinishinda ulimi, basi kila mmoja nilimpa jina langu mwenyewe. Waliokaa kichwani kuliko wote walikuwa ndugu wawili, watoto wa baba mmoja, mama mbalimbali. Wa kwanza nilimwita Bwana Kinubi. Msafi, kanyoa, nywele kazilaza, kila kitu kwake kina kipimo: muziki kwa hesabu, upinde kwa shabaha, na kwenye hekalu lake kaandikisha onyo kwamba watu wasizidishe jambo lolote. Huyo nilimpenda mara moja. Mtu wa namna hiyo unaweza kumwachia ufunguo wa duka. Ila niliposoma zaidi nikakuta alishindana muziki na mpiga filimbi mmoja wa porini, akamshinda, halafu akamchuna ngozi akiwa hai. Nikafunga kitabu mpaka kesho yake.

Wa pili nilimwita Bwana Zabibu, kwa sababu kila mchoro wake una mizabibu kichwani. Huyo ndiye wa mvinyo, ngoma na mizuka. Akipita mjini, wanawake wanaacha mitande waliyokuwa wakifumia, wanaacha vyungu motoni, wanapanda mlimani kucheza nywele wazi mpaka wanasahau majina yao. Mfalme mmoja alisema upuuzi huu ukome, akamfunga pingu. Pingu zikadondoka zenyewe, na mfalme akaishia vibaya kiasi kwamba sitasimulia hapa, maana kuna watu wanasoma huku wanakula.

Nilidhani ni hadithi ya watu waliokufa zamani. Kumbe ilikuwa habari ya kwaya yetu.

Sisi Wakristo wa kutoka bara, Jumapili yetu huku Maskati ni Ijumaa, kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko. Tunakutana katika jengo moja Ruwi ambalo linagawanywa kwa mataifa: kila watu na saa zao, ukumbi uleule, viti vilevile. Wengine wanaanza alfajiri. Sisi zamu yetu ni saa nne asubuhi mpaka saa sita kamili. Saa sita na nusu wanaingia Wafilipino. Hiyo nusu saa ya katikati ilikuwa ya wafagiaji.

Kwaya ilikuwa na watu thelathini. Nilihesabu tena wakawa thelathini na mmoja, kwa kuwa mara ya kwanza nilijisahau. Karibu wote wanawake, karibu wote wa kazi za ndani: wapishi, wayaya, watunza wagonjwa. Mwalimu wetu alikuwa dereva wa familia moja ya Qurum, mwanamume mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Alikuwa anaandika nota ubaoni kwa mwandiko mzuri kiasi kwamba mtu unaona huruma kuufuta. Kwake wimbo usioandikwa ni kelele. Mimi, kwa sababu zinazojulikana, nilichaguliwa kuwa mtunza muda. Nilikaa mbele pembeni, karibu na swichi, na saa ukutani juu yangu.

Halafu kulikuwa na yule dada mwanzishaji.

Unajua pambio linavyokuwa. Haliandikwi, halina ukurasa wa mwisho. Mmoja anaanzisha, wengine wanadaka, na likishapamba moto linakwenda linakotaka. Dada huyu alikuwa mfupi, mpole, miwani ya kusomea imening'inia kifuani kwa kamba, na ukimwona kwenye foleni ya basi ungemwomba akushikie mzigo. Lakini akifungua mdomo, ukumbi ulikuwa unahama. Watu walivua viatu. Watu walilia, wakacheka, wakapiga vigelegele, na mama mmoja mnene wa sauti ya pili, ambaye wiki nzima analalamikia magoti, alikuwa anaruka juu mpaka namwogopea dari.

Na nilijua kwa nini. Alikuwa anamtunza bibi mgonjwa katika nyumba moja ya Qurum, mgonjwa asiyestahimili sauti. Mle ndani watu wote walinong'ona. Milango ilibandikwa sponji ili isigonge. Vijiko vya chuma viliondolewa, wakala kwa vya mbao. Yeye alitembea pekupeku, alikohoa kwenye taulo. Hawakuwa watu wabaya, alisema. Walimlipa kwa wakati na walimheshimu. Lakini Ijumaa alizopewa zilikuwa mbili kwa mwezi, na za kuimba ni saa mbili katika kila Ijumaa. Aliniambia siku moja tukinywa chai: "Dada, mimi sauti yangu naitumia saa nne kwa mwezi. Nyingine zote nimeikunja kama shuka."

Nilipiga hesabu. Zilikuwa nne kweli.

Sasa, pambio lake halikuwahi kuisha saa sita. Mara ya kwanza lilikwisha saa sita na dakika kumi na tano, wafagiaji wamesimama mlangoni na mifagio kama askari wasio na vita. Mara ya pili lilikula nusu saa nzima, Wafilipino wakaingia na gitaa zao wakakuta sakafu imejaa maganda ya karanga na leso. Msimamizi wa jengo, mzee Mhindi wa Kerala mwenye pete ya funguo nzito kama kengele, akaniita kando.

"Sister," akasema kwa ile lugha yetu ya huku, nusu Kiarabu nusu Kiingereza na mikono juu, "mara moja, mafi mushkila, hakuna shida. Mara mbili, naandika. Mara ya tatu, khalas. Saa zenu nawapa wengine. Wapo wengi wanaomba."

Ijumaa mbili baadaye yule dada alikuwapo. Tulikwenda vizuri. Mwalimu alimaliza wimbo wa mwisho wa nota saa tano na dakika hamsini na sita, nikaanza kumpenda. Zilibaki dakika nne. Na katika dakika hizo nne, kabla mtu hajabeba mkoba, yule dada akaanzisha.

Nilimtazama. Hakunitazama. Macho alikuwa ameyafumba. Nikampungia mkono. Nikasimama, nikaonyesha saa. Saa sita kasoro moja. Watu walikuwa wameshavua viatu. Mlangoni nikaona funguo zikimetameta. Mwalimu akanigeukia na uso wa mtu anayesema, fanya kitu, mtunza muda ni wewe.

Nikachomoa plagi.

Kinanda kikakata, kipaza sauti kikakata. Watu walishtuka wakanyamaza, mguu mmoja juu. Yeye alibaki mdomo wazi, sauti imemkatikia kooni kama mtu aliyepaliwa. Alinitazama mimi, na waya mkononi mwangu. Alivaa viatu, akachukua mkoba, akatoka kwa mwendo ule wa nyumba yao, bila hata soli kusikika.

Saa sita kamili ukumbi ulikuwa mtupu. Msimamizi akaniinulia kidole gumba. Nakiri kwamba nilijisikia vizuri mpaka nilipofika kituoni.

Hakuja Ijumaa yake iliyofuata. Hakuja na ya baada ya hiyo. Nilipima muda kama kawaida na tulitoka saa sita kasoro tano kila mara, tumenyooka kama mstari wa chaki. Mwalimu wiki ya kwanza alifurahi. "Sasa hii ndiyo kwaya," akasema. Wiki ya tatu alisimama mbele yetu na fimbo yake, tukaimba nota zote bila kosa, na tulipomaliza akashusha mkono, akajikuna shingo.

"Mbona kama tunasoma bili ya maji?"

Yule mama wa magoti akajibu kutoka nyuma, "Si ndicho ulichotaka, mwalimu?"

"Nilitaka mpatie."

"Tumepatia. Hebu tuambie tumekosea wapi."

Akafungua daftari lake, akalipitia mstari kwa mstari, akalifunga. Nilihesabu watu: ishirini na wawili. Nikarudia: ishirini na wawili.

Jioni ile nikamtumia yule dada ujumbe wa sauti. Nilimsalimia, nikazungukazunguka, nikasema nilikuwa nalinda zamu yetu, nikasema pole kwa sauti ndogo kidogo. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Ilibidi nibane simu sikioni ndani ya stoo ya vitambaa, maana alikuwa ananong'ona.

"Dada, sina kinyongo. Ila siji. Kama ni kunyamazishwa, nanyamazishwa hata huku. Na huku nalipwa."

Nilicheza ujumbe ule mara mbili, halafu nikakaa juu ya jora la kitambaa. Nimebishana na watu wengi katika maisha yangu, wauza samaki, mawakala, madereva wa teksi. Hiyo sikuwa na pa kuishika.

Siku hizohizo alikuja dukani mteja wetu mmoja, bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, anayekuja kushonesha kanzu za nyumbani na kutukumbusha kwamba zamani vitambaa vilikuwa vitambaa. Alikikuta kitabu mezani, mimi natafuta mkasi.

"Hichi nini tena? Watu uchi!"

"Miungu ya Wagiriki, Bibi. Hadithi tu."

"Haya nihadithie, mana huo mkasi nnaona hauonekani leo."

Nikamhadithia ndugu wawili, yule wa kinubi na yule wa zabibu. Nikamwambia na sehemu ambayo nilikuwa nimeisoma usiku uliopita na sikuielewa vizuri: kwamba lile hekalu la mlimani, lenye onyo la kutozidisha, lilikuwa la wote wawili. Miezi tisa ya mwaka lilikuwa la Bwana Kinubi. Miezi mitatu ya baridi yeye anasafiri, anakwenda zake mbali, na nduguye anaingia na ngoma zake. Halafu anarudi, na maisha yanaendelea.

Bibi akacheka mpaka akashika meza. "Watoto wa baba mmoja, sio? Basi wamegawana urithi! Hapana cha ajabu hapo. Sisi tuna nyumba kule Unguja, ndugu yangu anakaa miezi yake, mimi nnakaa yangu, na hatukutani, ndo mana tunapendana."

"Lakini wa zabibu kapunjwa. Miezi mitatu kwa tisa."

"Khaa! Kapunjwa wapi? We umewahi kukaa miezi mitatu na mtu kama huyo? Mitatu mingi." Akanikazia kidole. "La muhimu kakabidhiwa ufunguo. Mtu ukimpa wakati wake na ufunguo, hana haja ya kukuvunjia mlango."

Halafu akaniambia bei ya kanzu ya mara ile nimpunguzie, kwa kuwa kanifundisha. Nikampunguzia kidogo, si kwa kiasi alichotaka.

Ijumaa iliyofuata nilifika Ruwi mapema nikamkuta msimamizi anahesabu viti. Yeye naye ni wa kuhesabu; nilisubiri amalize, adabu ya kazi. Mia moja na ishirini.

"Baba," nikamwambia, "ile nusu saa ya usafi. Inakusumbua."

"Sana," akasema. "Wafagiaji wawili, mmoja kila mara yuko chooni."

"Tupe sisi."

"Kuimba? La, la, la."

"Kusafisha. Tufagie, tupige deki, tupange viti. Watu ishirini na wawili, na wote kazi yao ndiyo hiyo. Wafagiaji wako wapumzike."

Akanitazama kwa shaka. Mtu aliyeishi Ghuba miaka mingi hapewi kitu bure bila kutafuta ndoano. "Na mtaimba."

"Mtu akisafisha huwa anaimba. Kwenu hawaimbi?"

"Wanaimba," akakubali. Akafikiri. "Na vyoo."

"Vyoo hapana."

"Basi hapana."

"Vyoo wiki moja sisi, wiki moja wao."

"Na vioo vya mlangoni."

"Vioo nakupa. Na ndoo unatoa wewe, na sabuni."

Tulikwenda hivyo mpaka akacheka. Mwishowe alitamka sharti lake polepole, akiligongea kila neno kwa ufunguo. Tukiwa tunasafisha, tupo. Usafi ukiisha, mlango unafungwa, hata kama imebaki robo saa. Si nusu saa ya ngoma, bali nusu saa ya kazi. Yeye atachungulia.

Nikampa mkono kabla hajaongeza kitu.

Kazi ngumu ilikuwa ndani ya kwaya. Nilitangaza mpango.

"Ngoja nikuelewe," akasema yule mama wa magoti. "Jumamosi napiga deki. Jumapili napiga deki. Jumatatu mpaka Alhamisi napiga deki. Na wewe umekwenda kuniombea deki ya Ijumaa?"

"Nimebana vyoo viwe wiki kwa wiki."

"Mungu akubariki kwa vyoo."

Watu wakacheka, na mtu akishacheka unajua bei inashuka. Mwalimu alitaka kujua kama nota zitalowa. Nikamwambia yeye saa zake zinaanza saa nne na zinakwisha saa sita kasoro dakika tano, mtu yeyote akianzisha pambio ndani ya muda huo nitakuwa wa kwanza kumzima. Baada ya hapo si zamu yake. Anaweza kutoka akanywe chai.

"Nitoke kwenye kwaya yangu mwenyewe?"

"Nusu saa. Kuna mmoja zamani alikuwa anatoka miezi mitatu na hekalu lake halikuanguka."

Hakuuliza nani. Alikuwa ameshakiona kile kitabu mkobani mwangu na alikuwa anaombea jambo hilo kimyakimya.

Akabaki yule dada. Nilimtumia ujumbe nikamweleza yote, pamoja na vioo. Akajibu kwa kunong'ona, na tukafanya biashara ya ajabu kuliko zote nilizowahi kufanya, siku tatu, mimi ndani ya stoo, yeye sijui ndani ya kabati gani.

"Kwa hiyo naimba huku nafagia."

"Ndiyo."

"Na wewe unakaa wapi?"

"Palepale mbele."

"Hapana. Ukae nyuma yangu. Sitaki kuona mkono wako."

"Sawa."

"Na waya?"

"Hakuna waya. Kinanda kitakuwa kimefungwa."

Kesho yake: "Sisemi nakuja kuimba. Nakuja kuangalia kama mnasafisha au mnachafua."

Alikuja. Ijumaa ile alikaa muda wote kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, mkoba mapajani, miwani machoni, kama mkaguzi wa afya. Mwalimu alituongoza vizuri mno, kwa sababu alijua anaangaliwa. Saa sita kasoro dakika tano akafunga daftari lake, akapanga kalamu zake tatu, akatutazama kama baba anayeacha watoto na jiko la gesi, akatoka.

Nikagawa mifagio. Tukaanza.

Ilikuwa huzuni. Watu ishirini na wawili, kimya, kwaraa kwaraa kwaraa, kila mmoja anajiuliza kwa nini hakubaki nyumbani kulala. Mtu alijaribu kuanzisha pambio, likafia mstari wa pili. Mama wa magoti aliburuta mopu kana kwamba ni maiti. Nilikuwa nyuma ya ukumbi kama tulivyokubaliana, nasugua vioo, na nilimwona yule dada kwa kivuli chake kiooni. Alikuwa anafuatilia ile mopu. Inakwenda kulia, inarudi, inaacha mchirizi. Inakwenda, inarudi, inaacha mchirizi. Miguu yake ilianza kutikisika.

Akasimama. Akaweka mkoba kwenye kiti. "Mama, samahani, lete," akasema, na kwanza alisema kwa ile sauti ya Qurum, hakuna aliyesikia. Akakohoa. Hakukoholea taulo. "Lete! Deki haipigwi hivyo!"

Akakamua mopu mpaka mishipa ikamtoka, akavua viatu, akaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua, kushoto, kulia, kushoto, na ile mopu ikawa inapiga sakafu kwa mpigo mmoja sawasawa. Mpigo wa kwanza, wa pili, wa tano. Nilikuwa nimeshaanza kuuhesabu pale sauti ilipotoka.

Sijui niielezeeje bila kuonekana nazidisha. Vioo nilivyokuwa nasugua vilitetemeka chini ya kitambaa. Watu wakadaka. Aliyekuwa na fagio akafagia kwa mpigo, aliyekuwa na kiti akakiinua kwa mpigo, na viti vikaanza kupita juu ya vichwa, mkono kwa mkono, vinatua juu ya vingine vinne vinne, vimenyooka, hakuna aliyeagiza vinyooke. Katika kwaya ile hakuna aliyewahi kupanga kitu kwa usahihi namna ile nikiwa nimesimama na saa. Mama wa magoti alikuwa anapiga vigelegele na kopo la sabuni kichwani. Mtu mmoja analia, lakini anafagia. Mwingine anazunguka na ndoo, anazunguka, na tone halimwagiki.

Na hapo ndipo kosa la mpango wangu lilipojionyesha. Mimi niliahidi nusu saa ya usafi kwa watu wanaosafisha kama kawaida. Hawa hawakuwa wanasafisha kama kawaida. Saa sita na dakika kumi na mbili sakafu ilikuwa inang'aa. Viti vyote ukutani. Vioo havionekani kama vipo. Vyoo haikuwa wiki yetu.

Mlango ukasukumwa. Msimamizi akaingiza kichwa, akatazama sakafu, akatazama viti, midomo yake ikawa inahesabu. Nilimwona akifika mia na ishirini. Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyepewa mali nzuri kwa bei nzuri, akaanza kutafuta ufunguo kwenye pete yake.

Yule dada alikuwa katikati ya ukumbi, amenipa mgongo, kichwa amekiinua. Sauti yake ndiyo kwanza ilikuwa inafika mahali fulani juu, kama mtu aliyepanda ngazi ndefu na sasa anaona barabara yote. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na nane. Wiki mbili mbele yake zilikuwa za vijiko vya mbao.

Pembeni yangu kulikuwa na ndoo ya maji machafu, imejaa, ya sakafu nzima, na maganda ya karanga yanaelea juu. Nikaisukuma kwa mguu. Ilikuwa nzito, nikaisukuma tena, ikapinduka.

Maji yakakimbia chini ya miguu ya watu mpaka ukutani. Mama wa magoti akapiga yowe la furaha. Msimamizi akaganda na ufunguo mkononi.

"Samahani, baba," nikamwambia kwa sauti ya juu, maana ya chini isingesikika. "Bado pachafu."

Akanitazama mimi, akaitazama ndoo, akautazama mguu wangu. Halafu akarudisha mlango taratibu, kwa nje.

Nikachukua mopu, nikaingia majini.